Mashine ya Bertila Iliyoacha Kusalimia

Ijulikane kwa wote, walioko juu ya uwanda wa Ufipa na walioteremka kwenda kutafuta joto, ya kwamba Bertila Kapele, mkazi wa Mazwi, mwanamke, mzaliwa wa Mpui, mwenye cheti cha kidato cha nne ambacho haonyeshi mtu, ametangazwa rasmi kuwa Tayari kwa Uwekezaji. Herufi kubwa ni za mradi. Ni mtu wa kwanza Sumbawanga kufikia hali hiyo. Matajiri wote waliomtangulia walikuwa na pesa tu.

Kabla hajawa tayari, Bertila alikuwa mtu wa kawaida mwenye kazi. Alikuja mjini, mtaa wa Mazwi, kuishi na shangazi yake Klementina, akaajiriwa kwenye intaneti kafe ya Obedi, bwana kutoka Mbeya aliyeamini kwamba Sumbawanga nzima itapanga foleni kusoma barua pepe. Foleni ilikuwepo kwa muda, ya wanafunzi waliokuja kutazama picha. Kisha intaneti ikahamia kwenye simu. Obedi akafunga mlango, akarudi kwao, akamwachia Bertila kompyuta moja kama shukrani, maana shukrani ya aina nyingine hakuwa nayo.

Bertila aliiweka ile kompyuta chumbani kwake, juu ya meza aliyokuwa akipigia pasi, akaiunganisha kwa waya na simu ya vitufe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Lori linalopandisha saruji na soda kutoka Tunduma hurudi tupu. Mkulima wa Mpui ana magunia ukumbini na hana lori. Katikati yao, tangu serikali ilipoachia biashara ya nafaka na kila mwenye kalkuleta akawa mfanyabiashara, alisimama dalali Isdori. Isdori alimwambia mkulima kwamba malori hakuna, akamwambia dereva kwamba mahindi hakuna, kisha akanunua kwa lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, na kulilipa kama gunia la kawaida. Huo ndio uliitwa ushindani wa soko.

Mashine ya Bertila ilimpita Isdori pembeni. Dereva anatuma meseji kwamba anarudi tupu, mkulima anatuma meseji kwamba ana mzigo, mashine inawakutanisha, na dereva anamtupia Bertila kitu kidogo. Msimfanye genius. Nusu ya maandishi yaliyoiendesha mashine aliyanakili mtandaoni enzi za Obedi. Nusu iliyobaki hakujua kwa nini inafanya kazi, kwa hiyo aliacha kuigusa.

Shida ilikuwa Wafipa. Mfipa haanzi na biashara. Mwanamke akimkuta mkubwa anachutama, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumbani, za shambani, za wagonjwa, na za wale waliokuwa wagonjwa mwaka jana ila wakapona bila taarifa. Mkubwa naye anajibu yote na kuyarudisha. Hata Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, baada ya misimu miwili unawakuta nao wanapiga makofi njiani. Watu wa namna hiyo ukiwapa simu hawabadiliki. Mashine ilikuwa inangoja neno "Mpui" na namba. Ilipokea hivi: "Shikamoo dada Bertila, sisi huku wazima, mvua imekata, yule mtoto wa Masanja amepona, ila mbuzi wetu mmoja hatumwoni, nina gunia nane." Ikaganda.

Bertila akawa anawajibu mmoja mmoja kwa kidole. Akachoka. Kwa uvivu, wala si kwa busara, akaifundisha mashine kusalimia. Ukiandika shikamoo, inakujibu: "Marahaba, poleni na kazi. Mko wapi na mna gunia ngapi?" Namba za wazee alizitenga, hao mashine iliwaamkia yenyewe. Ilikosea mara chache. Kuna mwanafunzi wa kidato cha pili pale Mpui aliyepewa shikamoo kwa bahati mbaya, akaitunza ile meseji mpaka simu ikafa. Lakini watu walipenda. Walisema mtoto wa Kapele ana adabu hata akiwa amelala.

Hapo ndipo maendeleo yalipoingia.

Yaliingia kwa umbo la Andwele, kijana wa Tukuyu mwenye koti la suti na viatu vinavyochongoka, aliyetumwa na mradi mmoja wa Dar es Salaam kuja kuwaandaa wabunifu wa mikoani ili wawekezaji wawapende. Andwele mwenyewe aliwahi kuanzisha kampuni. Ilikuwa ya kuku. Kuku walikufa. Aliandika andiko kuhusu mafunzo aliyoyapata katika kifo cha kuku, na andiko hilo likampatia kazi ya kufundisha wengine. Mradi wake ulikuwa na chumba kilichoitwa atamizi, kama kuku anavyoatamia mayai, na kwa kweli pale palikuwa na kukaa sana.

"Dada Bertila," alimwambia siku ya kwanza, "wewe ni mwanzilishi usiyewakilishwa vya kutosha."

"Nani alitakiwa aniwakilishe?"

"Hapana, ndivyo tunavyosema. Kundi lako halionekani kwenye vyumba vya wawekezaji."

"Hicho chumba kiko wapi?"

"Masaki, Dar es Salaam."

"Basi nitaonekanaje, kaka, na mimi niko Mazwi?"

Andwele aliandika kwamba mshiriki ana mtazamo wa ndani. Akaendelea.

"Soko lako lina ukubwa gani?"

"Linaanzia kwenye mitumba, linaishia kwenye dagaa wa Kabwe."

"Sio soko la kwenda na kikapu. Soko la huduma. Duniani."

"Duniani wanalima mahindi?"

Kwa nini alikubali kukaa mbele ya mtu huyu wiki baada ya wiki? Kwa sababu ya fuso. Bertila alitaka fuso moja la kwake, lililotumika, lenye turubai, la kuingia mashamba ya ndani ambako malori makubwa yanakataa. Andwele alimwambia kwamba mwekezaji mmoja akimpenda, fuso ni jambo la asubuhi. Mtu aliyewahi kuona magunia yakinyeshewa kando ya barabara hawezi kusikia hivyo akaondoka.

Basi akaandaliwa. Alifundishwa kusimama, kutembea jukwaani kama anatafuta kitu alichokiangusha, na kusema "shauku". Huduma iliyokuwa ikiitwa Lori kwa Bertila ikabatizwa Lorika, jina lisilo na maana kwa lugha yoyote ya hapa duniani, na hiyo ilihesabiwa kuwa nguvu yake. Alifundishwa kwamba wasilisho ni dakika tatu na huanza na tatizo, kwamba mwekezaji ni mtu anayesikia maumivu kwanza ndipo anapotoa pesa, kama mganga ila kinyume chake.

Siku moja Andwele akaomba kuona mashine ikifanya kazi. Akaziona salamu. Akashika kichwa.

"Dada, hizi nini?"

"Wanasalimia."

"Meseji mbili, tatu, kabla biashara haijaanza. Kila moja unailipia. Mwekezaji akiona gharama hii anakimbia."

"Wakija kwangu kwa miguu pia wanasalimia."

"Kwa miguu haitozwi. Toa. Mteja atume mahali na idadi, basi. Dunia nzima iko hivyo."

Bertila alilifikiria lile fuso. Akatoa. Ilikuwa wiki moja kabla ya siku ya wawekezaji, siku watakayokuja Sumbawanga kusikiliza mawasilisho, mahindi yamekauka mashambani, na baridi ya Sumbawanga imeanza kuuma masikio.

Mtu wa kwanza kukutana na mashine mpya alikuwa Mzee Romani, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Mpui. Romani ni mzee mwenye makuu, anayependa kukaa mbele kanisani na asiyejua kunong'ona. Lakini akisema mahindi yapakiwe huku, yanapakiwa huku. Aliandika: "Bertila mwanangu, hujambo? Mama yako nimemwona Jumapili, mguu unaendelea vizuri. Huku mahindi tayari." Mashine ikamjibu: "TUMA MAHALI NA IDADI."

Mzee alidhani simu imeibwa. Akaandika tena: "Ni mimi Romani." Mashine ikamjibu: "UJUMBE HAUELEWEKI. TUMA MAHALI NA IDADI."

Jumapili, baada ya misa, majibu hayo yalisomwa kwa sauti nje ya kanisa la Mpui, na mama yake Bertila amesimama palepale na mguu wake.

Chumbani Mazwi, simu ilinyamaza. Bertila alidhani ni mtandao. Akainyanyua juu, akaizima, akaiwasha, akaipiga kidogo. Madereva walianza kupiga wenyewe wakiuliza mzigo uko wapi, na mmoja alisema asipoona mahindi wiki hii harudi tena Ufipa, ataenda kubeba mchele Kamsamba. Ndipo Masanja, Msukuma wa Mpui, mwenye yule mtoto aliyepona, alipofika mjini kununua dawa ya ng'ombe, akapita Mazwi. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na pikipiki yake.

"Dada Bertila, nilikuwa nakuheshimu."

"Kaka Masanja, karibu. Kuna nini?"

"Unatuambia tuma idadi kama umekuja kudai kodi. Mzee Romani amekusalimia mara mbili. Unamwambia haeleweki."

Bertila alikaa juu ya kitanda. "Amesemaje?"

"Ameshaongea na Isdori. Kesho mzee anakuja mjini, wamemwalika kwenye mkutano wenu huo wa wawekezaji, awe sauti ya wananchi. Isdori anamleta kwa gari lake na anamngoja nje. Wakitoka hapo wanaenda kupeana mikono. Mpui yote."

"Isdori? Si anatuibia lumbesa?"

"Anatuibia," Masanja alikubali. "Ila anasalimia."

Na ni kweli. Isdori, pamoja na dhambi zake zote, angeweza kuchutama kwenye ua wa mtu na kuuliza habari za kila mbuzi kwa jina. Alikuwa mwizi mwenye muda.

Bila Mpui hakuna mzigo, bila mzigo hakuna dereva, bila dereva mashine inarudi kuwa meza ya pasi. Bertila alimpigia simu Andwele akamwambia anataka kwenda Mpui usiku huohuo akaombe radhi.

"Dada, tulia," Andwele alisema. "Mzee atakuwepo kesho, utamwona baada ya programu."

"Baada ya programu ameshapeana mkono na Isdori."

"Kesho una dakika tatu za kubadilisha maisha yako. Usizichanganye na mambo ya kijijini."

Bertila alikata simu, akarudisha salamu kwenye mashine, akaangalia slaidi zake mpaka macho yakauma.

Wawekezaji walifika wakiwa na mashati ya mikono mifupi. Mtu anayepeleka pesa mahali bila kuuliza kama pana baridi, mwache apeleke. Kufikia saa ya chai wawili walikuwa wamejifunga vitenge walivyonunua getini, na kiongozi wao, bwana mnene mwenye saa kubwa, alikuwa akipasha mikono kwenye kikombe. Alimsogelea Bertila kwa uchangamfu.

"Nasikia Sumbawanga mnatumiana radi kwa uchawi. Ni kweli?"

"Zamani," Bertila alisema. "Siku hizi meseji. Ni nafuu."

Bwana mnene alicheka, kisha akaacha, kisha akahamia upande wa pili wa meza.

Aliyetangulia jukwaani alikuwa Shedrack, kijana aliyezaliwa Sumbawanga na kukaa Dar muda wa kutosha kusahau. Alikuwa na programu ya simu ya kumtafutia dereva mahali pa kuegesha gari. Mjini Sumbawanga, ambako unaegesha gari pale lilipozimika na hakuna atakayekuuliza, alizungumza juu ya maumivu ya kukosa maegesho mpaka bwana mnene akafuta jicho. Alitembea jukwaani vizuri sana. Kile alichokiangusha alikaribia kukiona.

Akaitwa Bertila. Nyuma yake slaidi ya kwanza ikawaka, neno moja, TATIZO. Andwele akashika saa mkono mmoja na kengele mkono mwingine. Mezani kwa majaji, mwisho kabisa, Mzee Romani alikuwa amegeuza kiti, akawa anatazama dirisha. Dirishani lilionekana gari la Isdori, na Isdori mwenyewe kaegemea mlango, anakula karanga.

Bertila alifungua mdomo kusema tatizo. Akafunga. Akaweka kipaza sauti chini, akashuka jukwaani, akawapita wawekezaji kama mtu anavyopita kabati, akafika mbele ya Mzee Romani, akachutama. Akapiga makofi, taratibu, viganja vikiwa na uwazi.

Mzee hakugeuka.

"Dada Bertila," Andwele alisema kwa sauti ya chini, "muda."

Bertila akapiga makofi tena. Dada mmoja wa Dar, aliyekuja na wawekezaji na alikuwa akichapa kwenye kompyuta yake, aliacha kuchapa. Hatimaye kiti kikalia, mzee akageuka, lakini nusu tu.

"Nani huyo?" aliuliza, naye anamwona.

"Ni mimi, baba. Bertila wa Kapele. Shikamoo."

Mzee aliiacha ile shikamoo ikae pale chini kwa muda, ipate baridi. "Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba. Mguu unaendelea vizuri." Mama huyohuyo, Mzee Romani mwenyewe alikuwa amemwona Jumapili, na ni mzee aliyemwandikia Bertila habari za mguu.

"Shangazi yako Klementina?"

"Hajambo, baba. Anakohoa kidogo."

"Kidogo vipi?"

Wakaenda kwenye kikohozi, wakatoka. Wakapita kwenye mvua, wakapita kwenye maharage, wakamkuta mtoto wa Masanja, wakashukuru. Andwele aliitikisa kengele kidogo, kama mtu anayetaka isisikike na hapohapo isikike.

"Na ile mashine yako," mzee alisema, kiti sasa kimegeuka chote, "haijambo?"

"Iliumwa, baba."

"Iliumwa nini?"

"Jeuri."

"Iliipata wapi?"

Bertila hakutaja jina. Alitazama sakafu, kwa adabu, ila kila mtu ukumbini alimtazama Andwele, na Andwele akaitazama slaidi.

"Imepona?"

"Tangu jana, baba. Ukiiandikia sasa hivi itakuamkia."

Mzee Romani alitoa simu kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaandika kwa kidole kimoja, ulimi umetoka nje, huku jopo zima la uwekezaji likisubiri. Kengele ikalia, safari hii kwelikweli. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha zamani, Andwele ndiye aliyekuwa akisita. Punde simu ya mzee ikaita kidogo. Aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona: "Sijambo baba, shikamoo. Poleni na kazi. Mko wapi na mna gunia ngapi?"

"Marahaba," mzee aliiambia simu.

Kisha akasimama, akawaaga majaji mmoja baada ya mwingine kwa mikono miwili, akatoka. Kupitia dirishani watu walimwona akimfikia Isdori. Walisalimiana kikamilifu. Isdori alichutama, wakaulizana habari, zikachukua muda kuliko mawasilisho yote ya siku ile, na mwisho wake mzee akamwambia kitu kifupi, akapiga makofi ya kuaga, akaenda zake stendi kutafuta gari la Mpui. Isdori alibaki amechutama na karanga zake.

Ndani, bwana mnene alimnong'oneza mwenzake akiuliza kama ile ilikuwa sehemu ya bidhaa.

Shedrack alishinda. Zawadi ya kwanza haikuwa fedha, kama baadhi ya wajinga walivyodhani. Ilikuwa nafasi ya kwenda Dar es Salaam kuandaliwa zaidi, ili awe tayari kwa wale wawekezaji ambao wenyewe wako tayari. Kwenye karatasi ya Bertila majaji waliandika kwamba ana uhusiano mzuri na jamii ila hakufika kwenye tatizo. Fuso hakupata. Siku ile alipita mbele ya yadi ya magari kule mjini, akasimama kwenye uzio, akaliangalia moja la kijani, akaenda nyumbani.

Lakini mradi una mfadhili, na mfadhili alikuwa ameahidiwa mwanamke. Mwanamke wa mkoani, mwanzilishi, asiyewakilishwa, aliyeandaliwa mpaka akaiva. Aliyekuwepo ni mmoja tu. Ndiyo maana, mahindi ya Mpui yalipokuwa katikati ya kushuka kwa malori, Andwele alifika Mazwi na koti lake, cheti chenye dhahabu pembeni, na tangazo alilolitunga mwenyewe, akakaribishwa kwenye kiti pekee, kando ya meza ya pasi.

Bertila alikuwa amepiga magoti mbele ya simu. Ilikuwa imenyamaza ghafla tangu mgeni akae, na yeye hakuelewa kwa nini. Malori mawili yalikuwa yanangoja Tunduma kuambiwa yaende wapi.

Andwele alisimama, akasafisha koo, akasoma lile tangazo lote, kuanzia uwanda wa Ufipa mpaka Tayari kwa Uwekezaji. Alisoma vizuri. Kwenye neno "mwanamke" sauti yake ilitetemeka kidogo. Kisha akakaa tena, akanyoosha miguu, akatoa kalamu.

"Dada Bertila, mfadhili anataka neno lako kwa kinywa chako. Umetoka mbali. Leo uko tayari kwa uwekezaji. Unawaambia nini wawekezaji wa dunia?"

Bertila aliinama chini ya meza, akaangalia, akainuka.

"Inua mguu, kaka," alisema. "Umekanyaga waya wa simu, na Mpui wanasalimia."